Bendi ya mji ya karne ya 15: vyombo, nota na mavazi kwa watu watano

Swali la msomaji: "Nilipiga tromboni miaka mingi katika kikundi cha tarumbeta cha usharika wetu kule Moshi. Sasa nafanya kazi Nürnberg, Ujerumani. Wenzangu wanne wa hapa wamenialika tuunde bendi kama zile zilizoajiriwa na miji zamani, tuvae mavazi ya wakati ule na kupiga mitaani majira ya joto. Hamu tunayo, fedha ni kidogo. Tununue vyombo gani kwanza, tupige nini, na mavazi yashonweje?"

Ndugu msomaji, kabla hamjanunua hata ulimi mmoja wa zumari, kaeni watano mkubaliane juu ya mji mmoja na muongo mmoja. Vikundi vingi vya aina hii huharibikiwa hapa mwanzoni. "Zama za Kati" ni jina la miaka elfu hivi, na anayelibeba lote kwa mkupuo hujikuta amevaa kofia ya mwaka 1350, ameshika krumhoni (bomba la ulimi lililopinda kama ndoana) ya mwaka 1520, na anapiga dansi alizochapisha Tielman Susato mjini Antwerp mwaka 1551. Kila kimoja ni kizuri, ila havikuwahi kukutana mtaa mmoja. Mkishataja mji na muongo, maswali yako yote matatu hupata njia: vyombo vinajulikana, nota zinajulikana, vitambaa vinajulikana. Kubwa zaidi kwa wenye fedha kidogo, mnajua vitu ambavyo hamtavinunua kabisa.

Kwa kuwa mko Nürnberg, chukueni Nürnberg ya miaka ya 1470. Kitabu cha nyimbo kiitwacho Lochamer-Liederbuch kiliandikwa mjini humo katika miaka ya 1450, na pamoja nacho yamehifadhiwa mafunzo ya Conrad Paumann, mpiga kinanda kipofu mzaliwa wa Nürnberg, ya namna ya kujenga sauti juu ya teno, yaani sauti ya msingi inayobeba wimbo. Miaka ile ndipo tromboni ilipokuwa ikichukua nafasi ya tarumbeta ya kuvuta, kwa hiyo ujuzi wako wa Moshi una kazi. Tena jumba la makumbusho la Germanisches Nationalmuseum, hapo hapo mjini, linayo tromboni iliyotengenezwa na Erasmus Schnitzer mwaka 1551, miongoni mwa tromboni za zamani kabisa zilizosalia duniani. Nenda ukaitazame mdomo wake wa mbele, unakotokea sauti: ni mwembamba, haukupanuka kama wa tromboni uliyoizoea. Sauti yake yote inatokana na wembamba huo.

Sasa, bendi hizi zilikuwa nini? Waingereza waliwaita wapigaji wa mji waits, Wajerumani Stadtpfeifer, Waitaliano piffari. Waliajiriwa na baraza la mji, wakapewa mshahara na kitambaa cha sare, na sauti yao ilikuwa sauti ya mamlaka. Msomaji wa Pwani ataelewa upesi akikumbuka siwa ya Lamu na ya Pate: haikupulizwa na yeyote wala siku yoyote, na ikilia kila mtu alijua ni heshima ya nani inayotangazwa. Ulaya nako haki ya kuwa na wapiga tarumbeta ilikuwa na mwenyewe; Mfalme Sigismund aliupa mji wa Konstanz ruhusa hiyo mwaka 1417, na Augsburg mwaka 1426. Leipzig iliajiri wapigaji wake watatu, baba na wanawe wawili, mwaka 1479. Uingereza desturi hii iliendelea hadi sheria ya serikali za miji ya mwaka 1835 ilipoifuta. Kikundi cha York Waits, kilichoanzishwa 1977 kuirudishia York bendi yake ya kale, ni mfano mzuri wa kusikiliza mtakapoanza, ingawa sehemu kubwa ya nota zake ni za karne ya 16, baada ya muongo wenu.

Kazi zao zilikuwa kucheza kwenye dansi za baraza na arusi za wakubwa, kutangulia maandamano, kupokea wageni wa heshima, na katika miji mingi kulinda mnarani na kupuliza ishara. Shughuli zote hizo ni za nje au za ukumbi uliojaa watu. Ndiyo maana watu wa karne ile waligawa vyombo kwa nguvu ya sauti, wala hawakujali kimo, yaani kama sauti ni ya juu au ya chini: upande mmoja vyombo vikali, upande wa pili vyombo laini. Zumari, tarumbeta, tromboni na nakara (ngoma ndogo za jozi) ni vikali. Kinubi, lute (ndugu wa gambusi), fidla, filimbi ya mti na kinanda kidogo cha mkononi ni laini. Msivichanganye katika kipande kimoja. Lute ikiwekwa kando ya zumari haisikiki hata na anayeipiga, na mkiiwekea kipaza sauti mtakuwa mmeharibu kile mlichokusudia kuonyesha.

Kiini cha bendi kali ya miaka yenu ni vyombo vitatu. Mwananadharia Johannes Tinctoris, aliyeandika katika miaka ya 1480, anavitaja wazi: zumari kwa sauti ya juu, bombadi (zumari nene zaidi) kwa teno, na tromboni kwa sauti ya chini. Kwa watu watano tunashauri zumari mbili za juu, bombadi moja, tromboni moja, na mtu wa tano ashike filimbi ya matundu matatu kwa mkono wa kushoto huku wa kulia ukipiga kingoma kilichoning'inia mkononi. Zumari za juu ni mbili ili wapigaji wapokezane. Midomo ya mpiga zumari huchoka baada ya dakika kumi hivi za mfululizo, na ikishachoka sauti hushuka na hairudi mpaka apumzike. Wachoraji wa karne ya 15 wenyewe wanaonyesha hivyo: katika picha kadhaa mmoja wa bendi ameshusha chombo huku wenzake wanapuliza.

Fedha zikiwa kidogo, agizeni bombadi kwanza, kisha zumari ya kwanza, kisha tromboni ya kale, na zumari ya pili mwisho. Bombadi ndiyo inayobeba teno, na bila teno hakuna muziki wa miaka hii. Tromboni inaweza kusubiri kwa sababu wewe unayo njia ya muda: tromboni ya kisasa yenye bomba jembamba, ikipulizwa kwa nusu ya nguvu, inatosha kwa mazoezi. Usiipeleke mbele ya watu tu. Vyombo hivi hutengenezwa kwa mkono na mafundi wachache, kwa hiyo agizo huchukua miezi mingi. Msipange tarehe ya onyesho kabla chombo hakijafika.

Kabla ya agizo la kwanza kuna uamuzi ambao ukikosewa hauna dawa: kimo cha sauti. Mafundi wengi hutengeneza vyombo hivi kwa A ya herzi (mitetemo kwa sekunde) 440, au kwa A ya herzi 466, iliyo juu zaidi kwa nusu toni. Zumari ya 440 na tromboni ya 466 hazitapatana milele. Mkitaka kushirikiana na kinanda cha kanisa au vyombo vya kisasa, chagueni 440. Mkikusudia kukutana na bendi nyingine za zumari na tromboni, 466 ndiyo iliyoenea. Wewe binafsi utakutana na jambo la ajabu kidogo: bomba la tromboni ya kale ya 466 lina urefu karibu sawa na la tromboni yako ya B bapa, lakini mkono ukiwa juu kabisa noti inaitwa A. Mkono uko palepale, jina limeshuka nusu toni. Wiki mbili za kwanza pigeni vipande kwa kichwa bila kusoma nota, vinginevyo macho na mkono vitagombana.

Zumari yenyewe inahitaji maelezo, maana ndiyo itakayowatesa. Ni mti uliotobolewa njia ya ndani inayopanuka kutoka juu hadi chini, una matundu saba ya vidole upande wa mbele, hauna tundu la kidole gumba, na chini yake kuna matundu ya kupumulia yasiyofunikwa. Juu kuna kijibomba cha shaba, na juu ya kijibomba ulimi wa tete wenye pande mbili. Ulimi umezungukwa na kikombe kidogo cha mti ambacho midomo hukiegemea. Bombadi imeongezewa kifuniko cha shaba kwa tundu la chini ambalo kidole hakilifikii, na kifuniko hicho hulindwa na kikasha cha mti chenye matundu madogo. Msikiondoe kikasha hicho kwa kuona kinazuia sauti. Kimewekwa kwa sababu shaba ile hupinda kwa kugongwa kidogo tu.

Ndiyo, hii ni ndugu wa zumari yetu ya Pwani. Zote zimetoka katika ukoo mmoja wa Mashariki, na jina letu limetoka katika Kiarabu kama nakara za Ulaya zilivyopata jina lao kwenye naqqara. Lakini ukienda likizo usirudi na zumari ya Lamu au Unguja kwa ajili ya bendi hii. Mpigaji wa Pwani huingiza ulimi wote mdomoni na kuzungusha pumzi mashavuni bila kukata. Mpigaji wa mji wa Ulaya alishika ulimi kwa midomo, akabadili nguvu ya kuubana ili apande oktavu ya pili, na akakata pumzi mwisho wa kila sentensi ya wimbo. Mpangilio wa matundu pia ni tofauti. Kilicho cha faida kwako ni sikio: aliyekulia karibu na zumari haogopi ukali wake, na hofu hiyo huwafanya wanafunzi wengi wapulize kwa woga hadi sauti ivunjike.

Matatizo ya zumari, karibu yote, yako kwenye ulimi. Noti za juu zikiwa chini ya kimo, ulimi ni laini mno. Noti za chini zikikataa kutoka, ulimi ni mgumu au umejifunga. Chombo kizima kikiwa chini, sukuma kijibomba ndani kidogo; kikibaki chini, punguza ncha ya ulimi kwa wembe, unywele mmoja mmoja, ukijaribu kila baada ya kukata, kwa sababu kilichokatwa hakirudi. Kikiwa juu, vuta kijibomba nje na uongeze uzi kukikaza. Loweka ulimi dakika mbili au tatu kabla ya kupiga, usizidishe. Uliolowa kupita kiasi huvimba na kufunga mdomo wake. Kwenye jua hukauka kati ya kipande na kipande, basi kila mpigaji awe na kichupa cha maji kidogo ndani ya mfuko wa kiunoni. Kwa bombadi, wapigaji wengi wa leo hukata ndimi za basuni zikawa fupi zaidi, na hiyo ni njia nzuri na rahisi. Ndimi za plastiki zipo. Sauti yake ni kavu kidogo, lakini siku ya mvua zinaokoa onyesho. Kila mtu abebe ndimi tatu zilizokwisha kujaribiwa.

Fanyeni mazoezi katika chumba kikubwa, na wekeni vizibo vya masikio. Zumari mbili katika sebule ya ghorofa huumiza masikio kweli, achilia mbali majirani.

Kuhusu tarumbeta ya kuvuta: huenda mwenzako mmoja atapendekeza mtumie hiyo badala ya tromboni ili muonekane wa kale zaidi. Ifikirieni vizuri. Katika chombo hiki mkono mmoja hushikilia kijibomba cha mdomo kwenye midomo, na mwingine husogeza chombo kizima mbele na nyuma. Kwa kuwa kuna mrija mmoja tu unaoteleza, kila nusu toni inataka mwendo mara mbili ya ule wa tromboni yenye urefu sawa. Kwenye bomba la mita 2.1, nusu toni moja ni sentimita 12 hivi, na nusu toni tatu ni karibu sentimita 40, ambao ndio mwisho wa mkono wa watu wengi. Kwa hiyo una nafasi nne tu. Kutokana na hilo, kati ya sauti ya asili (itokayo kwa kubadili midomo tu, bila kusogeza mrija) ya tatu na ya nne ya bomba inakosekana noti moja, na kati ya ya pili na ya tatu zinakosekana tatu. Kuanzia ya nne kwenda juu zote zinapatikana. Hakuna iliyosalia kutoka karne ya 15. Zote za leo zimebuniwa upya kwa kutazama picha. Anayeikimbiza huku amebana midomo hugonga meno. Kwa miaka ya 1470 tromboni ni halali kabisa, na wewe unaijua, baki nayo.

Kitu kingine cha kukataa ni wingi wa ngoma. Vikundi vya leo hupenda kuweka djembe na darbuka chini ya kila wimbo. Picha nyingi za bendi kali ya vyombo vitatu hazina ngoma hata moja. Teno ndiyo inayoshika mapigo. Kingoma cha mtu wa tano kitumike kwenye maandamano na wakati filimbi yake inapiga peke yake. Krumhoni acheni pia: ilienea karibu na mwisho wa karne, baada ya muongo wenu.

Tuje kwenye nota, ambako ndiko utamu ulipo. Vyanzo vyenu ni vichache na vinatosha. Mbali na Lochamer, kuna Buxheimer Orgelbuch, hati kubwa ya kinanda yenye vipande zaidi ya 250 iliyoko maktaba ya serikali mjini München na inayosomeka bure mtandaoni. Sauti zake tatu zinakaa vizuri kwenye zumari, bombadi na tromboni mkizishusha au kuzipandisha kwa kipimo kimoja. Kuna pia vitabu vitatu vya Glogau vya karibu mwaka 1480, kila sauti na kitabu chake, vyenye vipande visivyo na maneno na majina ya kupendeza kama "Mkia wa Panya" na "Mkia wa Tausi". Hivyo ni vya kusoma kama vilivyo. Lakini wapigaji wa mji hawakuishi kwa kusoma. Katika picha karibu hawana karatasi mbele yao. Sehemu kubwa ya kazi yao ilikuwa kubuni papo hapo juu ya teno inayojulikana, hasa katika dansi ya chini, yaani basse danse, iliyotoka Burgundy na baadhi ya teno zake kuingia hata katika Buxheimer.

Hati maarufu ya dansi hizi iko Brussels: kurasa zake zimetiwa rangi nyeusi, nota zimeandikwa kwa dhahabu na fedha, na iliwahi kuwa mali ya Margaret wa Austria. Ukiifungua utaona teno peke yake, noti ndefu zote zikiwa sawa, na chini ya kila noti herufi ya hatua ya mchezaji. Noti moja, hatua moja. Teno ya La Spagna, iliyo maarufu kuliko zote, ina noti 46. Sauti nyingine mbili hazikuandikwa kwa kuwa wapigaji walizijua vidoleni.

Hivi ndivyo mtakavyojifunza, na hapa do-re-mi ya kwaya ya Moshi itakufaa kuliko darasa lolote. Wiki ya kwanza wote watano waimbe teno hiyo kwa solfa mpaka ikae kichwani, kila noti ikihesabiwa mapigo sita, jumla karibu sekunde tatu hadi nne. Msiikimbize, mchezaji anainuka na kushuka ndani ya noti moja. Wiki ya pili bombadi ashike teno, na zumari ipige noti moja tu mwanzoni mwa kila noti ya teno: oktavu juu yake, au ya tano juu yake (hesabu noti ya teno kuwa ya kwanza, kama do hadi sol). Msipige za tano mbili mfululizo zikielekea upande mmoja, wala oktavu mbili. Muziki hugeuka mtupu papo hapo. Wiki ya tatu zumari iunganishe noti hizo kwa kupita hatua kwa hatua, ikitumia ya tatu na ya sita katikati ya mapigo. Hapo ndipo wimbo huzaliwa. Mkitaka kuona mfano ulioandikwa, kuna kipande cha sauti mbili cha mtu aitwaye Gulielmus juu ya teno hiyohiyo, katika hati ya Perugia. Kitazameni kama mafunzo, msikikariri.

Kisha wewe uingie kwenye sauti ya chini. Kanuni ya kwanza ni miisho. Teno ikishuka re kwenda do, zumari hupanda ti kwenda do ya juu: ya sita inafunguka kuwa oktavu. Wewe unakuwa kwenye sol iliyo chini ya re, halafu unaruka oktavu nzima hadi sol iliyo juu ya do ya teno. Kwenye karatasi mruko huo unaonekana wa ajabu. Kwenye tromboni hausogezi mkono hata kidogo: ni nafasi ileile, midomo tu inabadilika, na ndiyo maana unaikaa sauti hii vizuri hivyo. Ukishaushika mruko huo, jaza katikati kwa kukaa ya tano au oktavu chini ya teno, ukitumia ya tatu unapopita. Usipambe. Zumari ndiyo yenye maua. Wewe ni nguzo.

Kulinganisha sauti kabla ya kupiga kuna utaratibu wake. Bombadi ianze, ishike do. Tromboni ijilinganishe nayo, kwa sababu mrija unateleza na matundu hayasogei. Zumari iingie mwisho, kwanza oktavu, halafu ya tano, mpaka mtetemo kati ya sauti mbili utulie kabisa. Ya tatu ziacheni zijipate zenyewe. Joto likipanda sauti nazo hupanda, basi rudieni baada ya dakika kumi juani.

Mavazi. Yaje baada ya vyombo, kwa sababu kila kipande cha nguo lazima kimruhusu mtu kupuliza. Ndani ni shati la kitani. Fundi yeyote wa kanzu angelielewa mara moja, maana limekatwa kwa akili ileile: badani iliyonyooka, taharizi za pembeni, na kikwapa cha mraba chini ya mkono. Bila kikwapa, mkono wa mpiga tromboni ukinyooka shati lote hupanda. Kila shati hutaka mita mbili hadi mbili na nusu za kitani. Kifueni kwa maji ya moto kabla ya kukata, maana kitani hunywea. Juu ya shati ni kizibao cha sufu chenye bitana ya kitani. Kosa kubwa la washonaji liko hapa: hupima kifua mtu akiwa ametulia. Mpimeni akiwa amevuta pumzi mpaka mwisho, kisha ongezeni sentimita tatu. Kola isibane shingo, kwa kuwa shingo ya mpiga zumari huvimba anapopiga.

Soksi ndefu za miguu zikatwe kwenye sufu kwa mshazari, mshono nyuma, zifungwe kwenye kizibao kwa vikamba vinavyopitishwa tundu kwa tundu. Zisipokatwa mshazari hazinyooki, na goti hupasuka mara ya kwanza mtu anapoketi. Juu ya vyote huja joho la sare, lifike magotini. Hesabuni mita tatu na nusu hadi nne za sufu yenye upana wa sentimita 150 kwa kila mtu. Joho hilo ndilo linalowafanya kuwa bendi ya mji, kwa hiyo kitambaa chote cha watano kinunuliwe siku moja kutoka jora moja. Sufu ya rangi ileile kutoka jora lingine huonekana tofauti juani. Nyekundu na nyeupe ni rangi za ngao ya Nürnberg, na joho lililogawanywa rangi mbili katikati ni mtindo wa wakati huo. Polista ikataeni hata kama ni rahisi. Inang'aa vibaya na haipitishi jasho, na mpigaji anayetokwa jasho hupoteza mshiko wa midomo. Nishani ya mji, ya bati au ya shaba iliyopakwa fedha, ishoneni kifuani pande zote. Ikining'inia kwa mnyororo itagonga mti wa zumari kila mnapotembea.

Kofia ya kitambaa iliyokunjwa isifunike masikio. Viatu vya ngozi tupu huteleza kwenye mawe ya mtaani, na vikundi vyenye uzoefu hubandika mpira mwembamba chini yake, hakuna anayeuona. Saa na simu zibaki nyumbani, na maji yanywewe kwenye kikombe cha udongo, mbali na chupa za plastiki.

Mkitaka picha za kutazama namna ya kusimama na kushika vyombo, anzeni na ubao uliochorwa uitwao wa Adimari, ulioko Galleria dell'Accademia mjini Florence, wa katikati ya karne ya 15, halafu mchoro wa Gentile Bellini wa maandamano ya uwanja wa San Marco, wa mwaka 1496. Ukuta wa ukumbi wa baraza la Nürnberg wenyewe ulipambwa kwa michoro aliyobuni mchoraji Dürer mwaka 1521, wapigaji wa mji wakiwa jukwaani. Ni wa karibu miaka hamsini baada yenu, kwa hiyo jifunzeni mikao, nguo msizinakili.

Onyesho la kwanza lisizidi dakika 25. Ingieni kwa filimbi na kingoma mkitembea, pigeni dansi mbili za chini na moja ya kurukaruka, kisha zumari zipumzike dakika tano huku filimbi za mti na lute zikipiga nyimbo mbili za Lochamer, mwisho mrudi kwa sauti kali. Simameni migongo ikielekea ukuta wa mawe, au juu ya ngazi. Katikati ya uwanja sauti hupotea na upepo hukausha ndimi. Bombadi asimame katikati, zumari kulia kwake, tromboni kushoto na hatua moja mbele, ili mrija usimgonge mtu.